Blanchard Aondoke

"Huyu gardien atoke. Leo, hapana kesho."

Sauti ya Papa Delphin ilijaa studio nzima, na Serge akajua kipindi chake cha michezo kimeharibika tena.

Tangu ligi ifungwe, mtu huyo alikuwa akipiga simu redioni kila alasiri. Serge hakuwahi kumwona. Alimjua kwa sauti tu, nzito, yenye kikohozi, ya mtu aliyeziba mdomo kwa kitambaa. Alijiita Papa Delphin wa Mbunya, na wimbo wake ulikuwa ule ule: timu ya Radi ijengwe upya, na ijengwe bila golikipa Blanchard.

Hapo ndipo damu ya Serge ilipochemka. Mabeki wa Radi walitembea uwanjani kama watu wanaotoka kanisani. Winga wa kushoto alikuwa ameota kitambi. Katikati hapakuwa na mtu wa kutuliza mpira hata kidogo. Serge angepewa timu hiyo mapumziko haya, angefukuza nusu yao kabla ya chai, angemchukua yule beki kijana wa Irumu anayecheza bila woga, kisha angemweka Blanchard golini na kumpangia wengine wote mbele yake. Bila mikono ya Blanchard, Radi ingeshuka daraja zamani. Halafu anatokea mtu kutoka Mbunya, na katika timu nzima ya wavivu anamchagua nani wa kufukuzwa? Blanchard.

"Mipira ya juu inamushinda," Papa Delphin aliendelea. "Bega yake ya kuume haipande tena muzuri. Anaifichaka. Mumuangalie wakati anavaa maillot."

"Weye ulimuona wapi akivaa jezi, Papa?"

"Mutoto yangu, kila mechi miye niko pale pale ku goli. Watu ya Kisangani wanamutaka, si muwape? Juu ya nini munamufungia hapa?"

Siku nyingine Serge angemkata. Lakini leo mgeni wa kipindi alikuwa Prezida Julien mwenyewe, mfanyabiashara wa ng'ombe na mwenye timu ya Radi, aliyekuja kueleza nani atabaki na nani ataondoka. Bunia nzima ilimjua kwa jambo moja. Mchezaji wa Radi hatoki mpaka Prezida amchoke. Wakubwa wa timu ya Kisangani walikuwa wamemjia kwa ajili ya Blanchard, wakanyweshwa, wakalishwa mbuzi, wakarudi kwao mikono mitupu. Kwa hiyo Serge alingoja acheke.

Prezida hakucheka. Alikuwa amesikiliza simu zote za alasiri hiyo. Mama mmoja wa sokoni alikuwa amesema Blanchard aondoke. Dereva wa pikipiki alisema hivyo hivyo, na shemasi mmoja pia, tena kwa maneno ya Papa Delphin neno kwa neno. Sumu ilikuwa imewaingia wote.

"Nimechoka," Prezida alisema, akijipangusa uso. "Supporters wakianza kumupigia filimbi mutoto ya watu, ataniletea faida gani? Basi. Kesho asubuhi ninamuachilia, aende Kisangani."

Kisha Papa Delphin akauliza, polepole, bila kikohozi:

"Unaapa, Prezida?"

"Ninaapa. Kesho."

Serge alipandwa na hasira. Huyu alikuwa mchezaji aliyejitupa kwenye vumbi na matope kwa ajili ya mji huu, hakuwahi kulalamika, hakuwahi hata kuja redioni kujisifu. Sasa anatupwa nje kwa sababu ya mdomo wa mtu mmoja asiyeonekana, na wenye timu wanaitikia. Hapana. Kama Blanchard anaondolewa, basi asikike kwanza. Akiongea yeye mwenyewe, Prezida angeona haya, na neno lake la kesho lingerudi tumboni.

Serge alichukua simu yake, akatafuta namba ya golikipa, akabonyeza, akaisogeza kwenye maikrofoni.

"Papa Delphin, usikate," alisema. "Ile yote unamusemea mutu ku mugongo, leo utamwambia ku uso."

Simu ya Serge ilianza kuita. Ndani ya spika, upande wa Papa Delphin, kwaya ikaanza kuimba.

"Papa, zima hiyo simu yako ingine, tusikilizane."

Hakushangaa kwamba Papa ana simu ya pili. Hapa nani hana mbili? Mtandao mmoja ukilala, unashika mwingine.

Kwaya ikakatika katikati ya neno. Simu ya Serge nayo ikakatwa. Akapiga teke mguu wa meza na kubonyeza tena namba ya Blanchard.

Kwaya ikaanza upya, kutoka mwanzo wa wimbo.

Serge alibaki na simu mkononi. Hasira yote ilimtoka. Alitamani simu hiyo ingekuwa imeisha chaji tangu asubuhi. Akaangalia meza, akaangalia ukuta, popote isipokuwa kwenye kiti cha mgeni.

Prezida Julien aliivuta maikrofoni karibu yake, bila haraka.

"Blanchard, mutoto yangu," alisema, "kamata simu. Jumatatu tunaanza mazoezi."