Baiskeli ya Bi Sikitu

Kwa mara ya nne asubuhi ile, Bi Sikitu aliingia mtaroni na baiskeli yake mpya. Kombo, fundi baiskeli aliyekuwa akimfundisha, alimvuta mkono huku akicheka.

"Mama, mtaro huu umekuroga?"

"Naukodolea macho nisiuingie!"

"Ndiyo maana unauingia. Tazama unakokwenda."

"Nakwenda wapi, Kombo? Si nazunguka uwanja tu, kama mbuzi wa kamba!"

Hapo jirani mmoja akaja mbio, akipiga vigelegele. "Bi Sikitu! Mwanao kajifungua salama! Wa kike!"

Bi Sikitu alikaza kanga kiunoni, akapanda baiskeli, akalikazia macho paa jekundu la nyumba ya mkwewe, ng'ambo ya bonde. Hakutazama mtaro, wala daraja la magogo, wala kuku waliomkimbia. Alikanyaga pedali bila kuyumba, na Kombo akabaki nyuma akihema, mikono hewani.

Wanawake walikuwa wamejaa uani wakimsubiri.

"Karibu, bibi! Shuka umwone mjukuu!"

"Kushuka bado sijafundishwa!" alijibu, akawapita, akakata kona nyuma ya nyumba.

Alipotokeza tena, mkunga alikuwa amesimama dirishani, amemwinua mtoto juu. Bi Sikitu alimwona, akapiga kigelegele, akapita. Mzunguko wa tatu alikuwa ameachia usukani mkono mmoja, akimpungia.