Nukta Zilizokataa

Swahani za halwa ya pongezi zilikuwa zishakwenda kwa majirani, mjukuu wangu Swafia, aliyepongezwa kwa utafiti wake wa chuo, aliponishika mkono.

"Nyanya, naona haya. Hesabu ya utafiti ule haikukubali."

Kwenye kompyuta, mstari wa hesabu yake ulionyesha ni mara ngapi elektroni ikiigonga atomu huing'oa elektroni nyengine. Nukta zilikuwa vipimo vya maabara. Mstari ulizipitia zote, moja moja, kama uzi kwenye shanga.

"Elektroni ikienda polepole, hesabu hushindwa. Nukta zilizokataa nilizifuta, nikampelekea mwalimu."

Uso ulimwiva. Akawa anasugua kioo cha kompyuta kwa ncha ya leso, kana kwamba nukta zile zingerudi.

Simu yake ikalia. Ni mwalimu.

"Mwambie naoga, Nyanya."

Nikaipokea, nikamwekea yeye sikioni.