Zamu ya Mama Kanga

Anayebisha abishe, lakini mimi nilikuwepo, tena mbele kabisa, nusura Ngiri anikanyage.

Wanyama wa bonde lile walilimiana kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Ilipofika zamu ya Kanga, mjane mwenye vifaranga wengi kuliko nyota, Ngiri kiongozi wa kikundi akagoma.

"Mama Kanga, kwangu ulikuja na hivyo vijiti unavyoviita miguu. Ulilima nini? Ulichezacheza tu."

"Baba Ngiri, mvua ndiyo hii. Nisipopanda, wanangu watakula nini?"

"Wafundishe kufunga!"

Wenzake wakacheka, wakaondoka. Kanga akabaki anaparua kishamba chake kwa kucha, na hakukanyaga tena shamba la mtu.

Mahindi ya Ngiri yalipofika magotini, viwavi wakavamia, kila mmoja mnene kama mchi wa kinu. Walivyotafuna, wilaya ya pili hawakulala. Hapo ndipo Ngiri akaelewa kwamba miaka yote Kanga "alipochezacheza", alikuwa anadonoa viwavi.

Akaja mbio, mkia juu. "Mama, njoo na watoto, nakwisha!"

"Nitakuja, shemeji. Ila kwanza tumalize zamu yangu."

Ngiri akapiga magoti, akaomba radhi, akalima shamba lote la mjane mvua ikiwa bado ipo. Vifaranga wakaenda kwake, wakala viwavi mpaka wakashindwa kutembea.

Haya, ile radhi nimeitia mimi. Magoti ni ya kweli: ngiri halimi bila kupiga magoti.