Mbweu ya Sikitu

Siku hizi kila ng'ombe huvaa shingoni kisanduku cha kupima gesi ya mbweu zake, inayosemwa kuipasha dunia joto. Taa yake nyekundu ikiwaka, gari la serikali huja kumchukua, asirudi tena. Ndiyo maana Bi Tusekile wa Tukuyu humlisha ng'ombe wake Sikitu unga wa kiwandani usioleta gesi, na banda limekaa kimya kama chumba cha mgonjwa.

Lakini leo aliamka akimkumbuka marehemu mama yake, akaenda kukata majani mabichi yenye umande. Sikitu akala, akashiba, akapiga mbweu ndefu yenye joto. Taa ikawaka.

"Mama! Nyekundu hiyo!" binti yake akapiga kelele.

"Naiona, mwanangu. Njoo unuse. Bibi yako alinukia hivi kila akitoka kukamua."

Mngurumo wa gari ukasikika bondeni. Tusekile akamwongezea Sikitu tita la pili la majani.