Bakuli Halirudi Tupu

Jua halijachomoza, Faidha alikuwa ameinama tutani na kisu cha jikoni, akikata figiri. Mboga ya alfajiri hainyauki upesi, ndivyo alivyofunzwa na mama yake kule Lupaso. Alikata mashina mazima mazima, akakung'uta udongo, akazifunga mboga kwenye upande wa khanga na kuondoka upesi.

Tatizo lilikuwa bakuli.

Tangu mumewe Mrisho aende Tandahimba kwenye palizi ya mikorosho na kukaa kimya, Bibi Sijaona wa nyumba ya pili alielewa bila kuambiwa. Mara kwa mara alileta bakuli la mbaazi za nazi kwa Faidha na binti yake, Zuhra. Mtoto alikula akalamba vidole. Mama alikula kwa njaa na kwa aibu, na aibu ndiyo iliyomshibisha.

Na bakuli la jirani halirudi tupu. Hapa Newala hata mtoto analijua hilo. Ukilirudisha tupu, umetangaza kwamba ndani kwako hakuna kitu, na Faidha alikuwa radhi kulala njaa kuliko kutangaza. Kwa hiyo alilirudisha na figiri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Mama Zuhra. Figiri tena? Na maji haya ya shida?"

"Nina katuta kadogo nyuma ya jiko, bibi. Nakamwagia maji ya kuoshea vyombo. Unisamehe, ni kidogo."

"Kidogo kitu gani? Una mkono wa baraka. Mimi magoti hayanifikishi hata kwenye bustani yangu. Nasikia kuku wananimalizia."

"Kuku wa siku hizi hawana adabu, bibi," alisema Faidha, akaaga.

Sifa zile zilimuumiza kuliko masimango. Zikamtangulia hadi kwenye foleni ya maji, ambako Salome, fundi cherehani, alimwomba mbegu mbele ya watu. Faidha alijibu kwamba figiri yake bado haijatoa mbegu. Akabeba ndoo yake kabla haijajaa, uso unamwaka moto.

Aliapa kuacha. Lakini jioni ile bakuli likaja tena, safari hii na vipande viwili vya samaki mkavu juu ya mbaazi, na Zuhra alikwisha kuchukua kimoja.

Asubuhi alilipeleka bakuli. Figiri ilikuwa chache, nyembamba, nyingine na mizizi yake. Salome alikuwa amekaa kibarazani kwa bibi, anapima gauni.

"Ndiyo hiyo figiri inayosifiwa?" aliuliza Salome. "Leo umetubania, Mama Zuhra."

Faidha aliinamisha macho kwenye bakuli. Alitamani ardhi ipasuke.

Bibi Sijaona alichukua shina moja, akaligeuza, akatazama lilipokatwa. Kisha akamwomba Salome akamletee miwani ndani. Salome alipoingia, bibi akamshika Faidha mkono na kumvuta karibu.

"Mjukuu wangu," alinong'ona, "kesho ukija tena kwenye tuta langu, chuma majani ya nje tu, moyo uuache. Ukiendelea kukata shina zima, wiki ijayo utanijazia nini kwenye bakuli?"