Mlinzi wa Toleo la Saba

Katika matoleo sita ya mchezo wa video wa Nyatanyata, mchezaji alinyemelea ngome za adui. Watu walipozichoka ngome, toleo la saba likaja na jipya: unachezea nyumbani kwako, na walinzi ni watu unaoishi nao. Asiyeonekana ndiye mshindi.

Leo ni siku ya kumi na mbili Mwanakombo hajamtia mumewe machoni. Mchana alipakua wali, akageuka kuchukua chumvi. Kurudi, sahani ni tupu, bado ina joto.

"Baba Nasra, umeshinda," alisema kwa unyonge. "Toka basi, tule pamoja."

Kwenye skrini ya sebuleni alijiona mwenyewe, ameshika kikopo cha chumvi. Chini yake pameandikwa: Mlinzi ameshtuka. Mnyamazishe.