Mahakama ya Mshipa

"Usiuvute mkono," Mama alisema. "Asiye na hatia haogopi kushikwa."

Mkamwana akatulia. Vidole viwili vya Mama vilitua juu ya mshipa wa kifundo cha mkono wake, naye Mama akafumba macho kama asikilizaye redio yenye sauti ndogo. Chumba cha pili Baba alikuwa akihema kitandani. Vidonge vilivyoutuliza moyo wake kwa miaka vilikuwa vikipungua kabatini, na sasa pakiti nzima ilikuwa imetoweka. Daktari alikwisha kuwaonya: akivikosa ghafla, moyo unaweza kusimama.

Katika nyumba ile kesi zote zilikatwa hivyo. Tangu watoto wakiwa wadogo, kikipotea kitu, kila mmoja alitoa mkono, Mama akauliza, mshipa ukajibu. Sukari iliyolambwa, kioo kilichovunjwa: hakuwahi kukosea. "Mashine ya Mama haitumii umeme," walizoea kutaniana.

"Umechukua dawa za baba mkwe wako?"

"Sijachukua, Mama. Haki ya Mungu, sijachukua."

Lakini mshipa uliruka kama maharagwe yachemkayo. Mama alifumbua macho, akamkazia. Mumewe yuko safarini kikazi. Nani ajuaye dawa hizo anamuuzia nani?

"Haya, kitindamimba, lete mkono."

Kijana aliunyoosha huku akitabasamu. Alikuwa amekwisha kuvaa suti ya kwenda kusherehesha harusi. Siku hizi alishika kipaza sauti bila kutetemeka, yeye ambaye zamani hata kusalimu wageni kulimtoa jasho.

"Pima taratibu, Mama, usije ukaisikia na njaa yangu."

Alipoulizwa, alikana. Mkono wake ulikuwa wa baridi, na mshipa ulikwenda polepole, kama mzee atokaye ibadani. Mama akauachia, roho ikimtua.

"Huyu hana doa." Kisha akamgeukia mkamwana. "Fungasha, binti. Ukakae kwenu mpaka mumeo arudi."

"Shemeji, sema neno basi! Si unanijua?"

Kijana aliinyoosha tai yake. "Mama hajawahi kukosea, shemeji."

Mama alimsindikiza mkamwana hadi kituo cha basi, akamwacha amekalia begi lake, akavuka barabara na kuingia duka la dawa.

"Vimekwisha mapema hivi?" mfamasia alishangaa.

"Vimeibwa. Hebu niambie, mwanangu, vinalevya? Mtu mwenye moyo wake mzima anaviibia nini?"

"Havilevyi, Mama. Hii ni propranololi, dawa kongwe, miongoni mwa za kwanza za aina yake." Alikuwa akiifunga pakiti mpya. "Mtu akiingiwa na hofu, mwili humwaga adrenalini, nayo huucharaza moyo mjeledi. Kidonge hiki huuziba mlango ambao adrenalini hupitia. Hofu yenyewe inaweza kuwapo kichwani, ila moyo haupati habari. Aliyekimeza, hata simba aingie sebuleni, mapigo yake yanakwenda polepole vilevile."

Mama alimtaka ayarudie maneno hayo. Mfamasia akayarudia.

Aliinyakua pakiti, akatoka mbio bila kungoja chenji, huku akilipungia mikono basi lililokuwa likianza kuondoka kituoni na mkamwana ndani.